Mji Unaokula Mwisho

Alfajiri, Nguba, mitumbwi ikishusha sambaza,
nachukua beseni kwa deni
na kupanda nalo Kadutu, ngazi kwa ngazi,
maji ya samaki yakinitiririkia shingoni.
Napima kwa kopo la maziwa.
"Ongeza kidogo, mama." Naongeza.
Jioni beseni tupu. Harufu tu ndiyo hubaki mikononi,
na kwa harufu hiyo nilikuwa nakula bugali.

Mwezi wa kwanza siku zangu hazikuja, nikatabasamu peke yangu.
Wa pili, mama mkwe akanipangusia kiti.
Wa tatu, wa nne: tumbo bapa kama sinia,
kiti kikarudi kwa mwenyewe.
Wa tano Murhula akaacha kuuliza,
na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko ngazi za Kadutu.
Jirani walisema nimefungwa. Walitaja mizizi, walitaja mfungo wa siku tatu,
mimi ambaye nilikuwa nafunga bila kujua.

Muuguzi Nabintu hakusema lolote kati ya hayo.
Alipima mkojo. Alizungusha utepe kwenye mkono wangu,
akausoma mara mbili, akauliza:
"Jana ulikula nini?"
Bugali.
"Na?"
Na sombe.
"Juzi?"
Bugali, na sombe ileile.
"Maharage?"
Nilipika.
"Nimeuliza kula."

Hapo nikaziona sahani zikinipita:
ya Murhula, kwani ndiye anayebeba saruji,
ya mama mkwe, ya shemeji wawili wa shule,
na mimi na sufuria, tukikwaruzana.
Kuku wa Noeli? Firigisi ina mwenyewe, na paja lina mwenyewe.
Yai? Bibi yangu wa Walungu alikataza:
mwanamke akila yai huzaa mtoto asiye na nywele.
Yeye hakuonja yai hata moja.
Alizaa tisa, akazika sita,
wote na nywele zao.

"Sikia, Nsimire," alisema Nabintu, kalamu ikiwa bado hewani.
"Mwili ni nyumba yenye jiko moja.
Chakula kikifika, moyo hula kwanza, hauna subira.
Halafu mapafu. Halafu hii mikono ya kubeba beseni.
Mji wa uzazi hula mwisho.
Ukikuta ukoko mtupu hausemi neno,
hauvunji sahani.
Unafunga mlango, unalala."

Sijui kama nilicheka.
Kumbe ndani yangu alikuwamo mke mwingine,
nami nilimtendea vile nilivyotendewa.

Hakuniahidi mtoto. Aliandika vipimo zaidi,
akasema Murhula naye aje, asitume salamu.
Kisha, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza:
MAHARAGE. KARANGA. UJI WA SOYA. YAI UKILIPATA. SAMBAZA.
Nikauliza famasi gani.
"Hii ya mwisho," alisema, "unaiuza wewe."

Jioni ile nilitoa kopo moja kabla ya kufika sokoni.
Nilikaanga, nikala nimesimama, vichwa na mifupa,
kabla ya sahani ya mtu yeyote.
Mama mkwe alikuwa mlangoni.
Nilingoja radi.
Alitazama sufuria, akanitazama, akatazama mlima,
akasema, "Zina chumvi?"
Akanyosha kiganja. Nilimtilia tano.
Alitafuna polepole, kama mtu anayehesabu miaka.

Juma la tisa, katikati ya ngazi, nikahisi unyevu.
Nilitua beseni, nikajibana ukutani, nikachungulia:
doa dogo, jekundu, la kwangu.
Si mtoto. Ni mlango tu uliofunguliwa ndani,
na mtu akipiga miayo, akiuliza kuna nini jikoni.
Nilicheka hadi wapita njia wakadhani nimeibiwa.

Mchana mteja wa kwanza akainama juu ya kopo.
"Ongeza kidogo, mama."
Siku hiyo sikuongeza.